Somo: Kuandaa na kulaza farasi wa vita, jeshi la Uingereza, 1914–1918

Farasi wengi wa jeshi hili hawakuuawa na risasi. Baridi, uchovu, maradhi na upungufu wa chakula ndivyo vilivyowamaliza. Kwa hiyo somo langu ni la kambini.

Hatua ya 1: Kutenga. Maelfu kwa maelfu walivushwa bahari kutoka Marekani na Kanada, wengine wakashuka na homa ya mapafu. Usiwachanganye na wenzao. Wapumzishe, kisha wapime glanda, ugonjwa unaoweza kumwua hata mchungaji wao. Maleini, dawa ya kupimia glanda, ilidungwa kwenye kope la chini. Kope likifura na jicho likatoa usaha, farasi huyo hakubakizwa. Inauma, lakini angeambukiza zizi zima.

Hatua ya 2: Kwato. Chonga, piga viatu vya chuma, kagua kila siku.

Hatua ya 3: Mahali pa kulala. Hapa ndipo roho ya farasi ilipo. Chagua mwinuko unaopitisha maji, karibu na kisima au mto. Funga kamba ndefu, wapange mstari, kisha tandaza chini matofali ya nyumba zilizobomoka, mawe au magogo. Farasi anayesimama kwenye tope usiku kucha huoza kisigino, ngozi ikapasuka, asubuhi hawezi kuvuta mzinga. Upande wa upepo inua ukuta wa udongo au maturubai.

Hatua ya 4: Maji kwanza, nafaka baadaye, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Nyasi kavu zisikosekane.

MASWALI

– Mwalimu, kwa nini wasifungiwe kwenye banda lisilopitisha baridi?
Hewa nzito huleta kikohozi, na kikohozi cha mmoja ni cha wote. Farasi huhimili baridi kavu. Kinachomshinda ni kulowa huku akipigwa na upepo.

– Nasikia walinyolewa manyoya. Ni kweli?
Kweli, ili dawa ya upele ifike kwenye ngozi. Ila Aprili 1917, kwenye mapigano ya Arras, Ufaransa, theluji iliwakuta wamenyolewa na posho imepunguzwa, wakafa wengi. Mimi ningenyoa mapema, kabla ya majira ya baridi, nywele ziwahi kuota.

– Na misumari iliyowachoma farasi kwato njiani ilitoka wapi, mwalimu?
Wapishi walichoma masanduku ya mbao, majivu yakamwagwa njiani pamoja na misumari yake. Msumari ukiingia katikati ya wayo, pepopunda huweza kufuata. Majivu yafukiwe shimoni.