Namna ya Kuishi Siku kwa Siku Ukiwa Mmisionari Nchini Ghana

Kijana wa Kenya au Tanzania anayeitwa kuhudumu Ghana na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hutumika miezi 24 akiwa mvulana na miezi 18 akiwa msichana, naye huondoka kwao akidhani kwamba ugumu utakuwa katika kuhubiri. Nilivyoona mimi, ugumu mkubwa huwa katika nyumba mnamoishi wawili, kwa hiyo naanzia humo.

Mwenzi wako, yaani mmisionari utakayepangiwa kuishi na kufanya kazi naye, hutamchagua, na kwa kuwa uhamisho wa wamisionari hufanyika takriban kila wiki sita, huenda mkatenganishwa mara tu mnapoanza kuelewana. Usiku wa kwanza, kabla hamjalala, kubalianeni ni nani atakayepika siku gani, ni nani atakayetangulia kuoga, na kila mmoja hufanya nini anapoudhika. Swali hilo la mwisho msiliruke. Mwenzi wangu wa kwanza alikuwa akinyamaza anapokasirika, nami nikadhani ananidharau. Karibu wiki mbili za kazi zilipotea kabla sijathubutu kumuuliza. Katika kikao chenu cha kupanga kazi ya wiki, taja kwanza kasoro yako mwenyewe, ndipo umwombe naye aseme linalomsumbua.

Kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sala, mazoezi na masomo hakutakushinda iwapo umelala saa nne na nusu usiku, basi linda zaidi saa ya kulala. Kola ya shati jeupe ifue kwa sabuni ya kipande kila jioni, maana jasho na vumbi vikikaa juma zima havitoki. Posho ya mwezi igawe mafungu manne siku ile ile unapoipokea.

Kiingereza ndicho lugha rasmi ya Ghana, lakini katika mitaa ya Kumasi watu hukukaribisha kwa moyo zaidi unapowasalimu kwa Kitwi, lugha ya wenyeji wa huko. Jifunze kusema "maakye" asubuhi, "maaha" mchana, "maadwo" jioni, na "medaase" unaposhukuru. Ukiwakuta watu wameketi, wape mkono wa kulia mmoja baada ya mwingine, ukianzia upande wako wa kulia kuelekea kushoto. Ulizia nyumbani ulizaliwa siku gani ya juma, kwa sababu wenyeji watataka kukupa jina la siku hiyo: mvulana wa Ijumaa ni Kofi na msichana ni Afua, kama sisi tunavyomwita mtoto Juma. Kanisa letu humwita mmisionari wa kiume Mzee hata akiwa na miaka 18, na cheo hicho kisikulevye; mbele ya mwenye mvi wewe ni mtoto, kwa hiyo mwite Maame au Papa, na usubiri uambiwe uketi.

Fufu hutwangwa kwa mihogo na ndizi, huliwa kwa mkono ndani ya mchuzi, na humezwa bila kutafunwa, jambo linalomtatiza sana mtu aliyezoea ugali. Omba kipimo kidogo mapema, kwa kuwa kuomba kidogo kunasameheka kuliko kubakiza.

Tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kuzungumza na familia zao kila wiki katika siku ya maandalizi, yaani siku ya juma iliyotengwa kwa kufua, kununua mahitaji na kuwasiliana na nyumbani, ilhali awali walipiga simu mara mbili tu kwa mwaka. Ghana iko nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo saa nne asubuhi kwako ni saa saba mchana Nairobi na Dar es Salaam. Andika mapema mambo mawili au matatu yaliyotokea, ili usiishie kumjibu mama "salama" kwa kila anachouliza. Ukiwa mgonjwa, waarifu kwanza viongozi wa misheni, walio karibu na wanaoweza kukufikisha hospitali, kisha mweleze mama pamoja na hatua iliyochukuliwa. Simu ikikatika, mgeukie mwenzi wako, ambaye huenda kwao hakuna aliyepokea, mwende sokoni pamoja.