Somo: Kuondoka kambini baada ya dhoruba kwenye milima mirefu

Theluji imekoma, anga ni jeupe na kila mtu anafunga mzigo mbio mbio. Subirini kidogo. Dhoruba huondoka angani mapema, lakini ardhini bado ipo.

Hatua ya 1: Soma altimita, kifaa kinachoonyesha kimo. Hapa nazungumzia ile inayopima mgandamizo wa hewa, si ya setilaiti. Andika namba kabla ya kulala. Ikiwa hujasogea na asubuhi inaonyesha mita 30 au 40 chini ya jana, mgandamizo umepanda na hali inatengemaa. Ikionyesha juu zaidi, hali hiyo nzuri ni ya kupita tu.

Hatua ya 2: Kagua theluji mpya. Hapa msiwe na haraka. Saa 24 hadi 48 za kwanza baada ya theluji nyingi ndizo mbaya kwa maporomoko ya theluji, na mengi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Pima kwa dira yenye kipimo cha mwinamo, maana macho hudanganya. Kumbuka pia kwamba njia yako inaweza kuwa tambarare kabisa huku mteremko wa hatari ukiwa juu ya kichwa chako.

Upande uliojificha upepo ndio wa kuogopwa zaidi. Upepo huzoa theluji upande mmoja na kuirundika upande wa pili, ikawa bamba gumu lililokalia tabaka dhaifu. Ukiona ufa unakimbia kutoka kwenye buti, au ukisikia mguno mzito chini ya miguu, rudi kwa nyayo zako zile zile. Pita mgongoni mwa mlima au ngoja siku nyingine.

Hatua ya 3: Vuka mito alfajiri. Mto unaolishwa na theluji hupungua usiku na kujaa mchana jua likiyeyusha. Fungua vifungo vya mkoba vya kiunoni na kifuani ili ukianguka uutupe. Maji yaendayo kasi yakipita goti, au ukisikia mawe yakigongana chini, usivuke.

Hatua ya 4: Kausha. Mfuko wa kulalia kwanza, hema baadaye. Hema lililoloa ni uzito tu. Mfuko uliolowa ni usiku mzima wa kutetemeka.

Hatua ya 5: Pangeni saa ya kugeuka na kurudi kabla ya kutoka. Kwenye theluji ya magoti, njia ya saa mbili huweza kula saa nne au zaidi. Anayefungua njia abadilishwe kila dakika 15 hivi, kabla hajachoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, tumepoteza siku mbili. Tunaweza kuruka kambi moja ili tufidie?
Jibu: Hapana. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi mita 500 juu ya pa jana. Siku mlizokaa zimeuzoesha mwili kimo kile kile mlichokaa, si cha kambi ya mbele. Kama chakula hakitoshi, shukeni.

Swali: Kuna mawingu mepesi, miwani ya jua ya nini?
Jibu: Vaa. Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, na wingu jepesi haliizuii. Ubaya wake ni kwamba macho hayaumi papo hapo: huanza saa kadhaa baadaye, kama yaliyojaa mchanga, na wakati huo umeshachelewa. Paka mafuta ya jua hadi chini ya kidevu na puani.

Swali: Radi ikinyamaza, tunasubiri muda gani kabla ya kupanda mgongoni mwa mlima?
Jibu: Dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikilia tena dakika ya 29, anza kuhesabu upya.