Winga wako hafungi? Mtoe kwenye chaki, mfanye namba tisa

Tulikuwa na dogo mmoja hapa Wete, Pemba, winga wa kulia, mbio anazo, chenga anazo, mwili umeshaanza kuuzidi umri wake, lakini mechi kumi goli moja na hilo lenyewe krosi ilochukuliwa na upepo ikamzidi kipa. Dakika tisini yuko pembeni tu mpaka tukawa tunamtania kaoa chaki, ule mstari wa pembeni. Mie nilimfokea msimu mzima, mara "ingia ndani", mara "piga golini", kumbe kosa langu, nilimweka mahali ambapo mwili wake hauna kazi.

Alonifungua macho ni Arnautović. Wanaokaa banda la mpira wanamjua, Muaustria, kazaliwa Vienna mwaka 1989, baba Mserbia mama Muaustria, jitu la mita 1.92. Kaanza kuonekana Twente kule Uholanzi, akaazimwa Inter msimu wa 2009/10, ule ule wa kocha Mourinho na vikombe vitatu, yeye kagusa mechi tatu tu. Baada ya hapo Werder Bremen, halafu Stoke City miaka minne, na kote huko watu wanamhesabu winga, fundi lakini mtu wa pembeni. West Ham wakamnunua 2017, mwezi wa Agosti tu kala kadi nyekundu kwa Southampton, watu wakasema pesa imemwagwa baharini. Novemba kocha akatolewa akaja David Moyes, akamuondoa pembeni akamsogeza mbele kati, ndo hiyo namba tisa, na msimu ukaisha ana goli 11 za ligi na klabu imemchagua mchezaji wao bora wa mwaka. Alikuwa na miaka 28 wakati anageuzwa. Yaani mtu kajua kazi yake yuko karibu na thelathini!

Sasa dogo wangu ana miaka 17, nikasema huyu nae tumjaribu. Nnaandika hapa tulivyofanya, nawe ukiwa na winga wa namna hii ufate, ila usitarajie wiki mbili, sisi tulikula karibu miezi mitatu na katikati hapo msimu wa karafuu ukaingia, nusu ya timu iko juu ya mikarafuu.

Kwanza angalia unaemgeuza. Si kila winga. Yule mwembamba anaeishi kwa mbio tupu muache pembeni, ukimweka kati mabeki watamla. Unaemtaka ni mwenye kifua, asokuwa na woga wa kugongwa, na ambaye mpira ukija juu hafumbi macho. Hilo la macho lipime kweli, simama nae karibu mrushie mpira wa kichwa mara ishirini, umtazame uso, usitazame mpira unaenda wapi. Wangu alifumba mara tatu tu nikaona huyu anafaa.

Halafu mwambie mwenyewe, na umwambie pembeni si mbele ya wenzake, mana winga anajiona msanii, ukimwambia mbele za watu unamtoa pembeni anadhani umemshusha. Mie nilimwonyesha klipu za yule Muaustria kwenye simu, baada ya hapo sikuhitaji maneno.

Kazi ngumu kuliko zote ni mgongo. Winga maisha yake yote anapokea mpira uso umeelekea goli, namba tisa anapokea goli liko nyuma yake na kuna mtu anampumulia shingoni. Hapa ndo nataka tukae kidogo. Chukua vifuu vinne vya nazi, panga mraba hatua nane kwa nane, muweke dogo ndani na beki mmoja nyuma yake, mtu wa tatu yuko nje na mpira. Kabla mpira haujaja dogo lazima ageuze shingo mara mbili, begani kulia, begani kushoto, ajue beki kasimama upande gani. Asisimame kama nguzo mgongo mzima kwa beki, asimame ubavu, mkono umekunjwa kifuani kwa beki ili amsikie anavyosogea, magoti yamelegea, matako yameshuka kidogo kama mtu anaetaka kukaa kwenye kigoda. Mpira ukifika aupokee kwa mguu ulio mbali na beki. Ukiupokea kwa mguu wa karibu beki anaingiza kidole tu ushaondoka. Anaupokea, anamrudishia wa nje kwa mguso mmoja, halafu HAPO HAPO anageuka na kukimbia. Watoto wengi wakishatoa pasi wanasimama kuiangalia ilivyo nzuri, utadhani kapiga picha ya harusi.

Tafuta lile goli alowafunga Chelsea Disemba 2017, West Ham walishinda moja bila, dakika ya sita tu. Wanagongeana na kiungo mwenzake Lanzini, anampa anaondoka, anarudishiwa anapiga. Hamna chenga hata moja mle ndani. Dogo wangu alipoona akasema "mbona rahisi", nikamwambia haya twende uwanjani, siku ya kwanza katika mara thelathini kaipata nne.

Fanya zoezi hili dakika kumi na tano tu kila siku, zaidi ya hapo wanachoka wanaanza kucheza upuuzi. Na beki umbadilishe, leo mrefu kesho mfupi, mana wale wafupi ndo wasumbufu, wanachomoka chini ya kwapa.

Kukimbia sasa. Winga kazoea kukimbia moja kwa moja na mstari, namba tisa anakimbia kwa upinde. Mwambie aanze kwa kumwendea stopa, yule beki wa kati, kama anataka mpira mguuni, hatua mbili tatu, stopa akimfata basi anapinda anaingia katikati ya stopa na beki wa pembeni. Ukimwachia akimbie moja kwa moja atakuwa ofsaidi (kawazidi mabeki) kila dakika na washika vibendera wetu unawajua, wengine wanainua kabla mpira haujapigwa.

Na ofsaidi yenyewe haichezewi. Euro ya 2020 ilochezwa 2021, kumi na sita bora pale Wembley, Austria na Italia bado bila bila kipindi cha pili, Alaba akaurudisha mpira kwa kichwa, Arnautović akapiga kichwa kamfunga kipa Donnarumma, kaenda kushangilia, nchi nzima inaruka. VAR, ile video ya marefa, ikarudi ikasema kazidi. Kidogo mno, lakini kazidi. Mechi ikaenda dakika za nyongeza Italia wakashinda 2-1, na kombe lenyewe wakalibeba wao. Mie nilikuwa bandani siku ile, kuna mzee alitupa kofia chini, na wala si shabiki wa Austria, alikuwa hawataki Italia tu.

Dawa yake ni macho yawe kwa stopa wa mwisho, mpira atausikia. Sisi tunaweka kamba ya kuanikia nguo chini ya mchanga, watu wawili wanaivuta huku na huku ndo mstari wa mabeki, dogo anacheza nayo, mpira ukipigwa anatakiwa mguu wa mbele uwe nyuma ya kamba. Mwanzo aliona mchezo wa kitoto. Alipokamatwa mara kumi na moja katika ishirini akanyamaza.

Kuhusu hasira sina mengi. Namba tisa anapigwa viatu, anavutwa fulana, anatukaniwa mpaka bibi yake, na ile kadi ya Southampton nlokwambia ilikuwa kiwiko, timu ikabaki kumi ikafungwa 3-2. Sisi mazoezini beki anaruhusiwa kumchokoza dogo kwa maneno (si matusi ya wazee, hayo nimekataza) na dogo akijibu kwa mkono anakwenda kuchota maji ya timu nzima. Kachota mara mbili, basi.

Kingine makocha wetu wanasahau ni kwamba huwezi kubadilisha mtu mmoja ukaiacha timu vile vile. Ukimtoa winga ukamweka kati halafu bado mnabutua mipira mirefu mbinguni, umemuonea. Lazima awepo mtu wa karibu nae wa kurudishiwa mpira, kule West Ham alikuwepo Lanzini, kwetu tulimsogeza kiungo mmoja mfupi mvivu wa kukaba lakini pasi zake tamu. Watu walilalamika tunapoteza mkabaji. Kweli tulipoteza, mechi mbili za kwanza tulifungwa, ya tatu ndo dogo kafunga mawili.

Bado nna zoezi moja na hili ndo nnalolipenda, mpira uliotemwa. Februari 2024 San Siro, Inter na Atlético Madrid, ligi ya mabingwa. Arnautović kaingia baada ya mapumziko kwa sababu Thuram kaumia, akakosa nafasi za wazi, uwanja unaguna, mtu mwengine angejificha nyuma ya mabeki asionekane tena. Dakika ya 79 Lautaro anapiga, kipa Oblak anatema, na nani yuko pale? Yule yule alokuwa akikosa. Moja bila. Ndo mana mtu kama huyo Oktoba 2025, ana miaka 36, kaifunga San Marino nne katika zile kumi bila, akafika goli 45 za timu ya taifa na kumpita Toni Polster aliyekuwa na 44.

Zoezi lenyewe: weka mpigaji kwenye ukingo wa boksi, kipa mwambie asidake, ateme tu, dogo aanze kukimbia mpigaji anapoinua mguu, asisubiri mpira upigwe. Akisubiri kachelewa. Kwenye kumi atakuta mpira labda mara mbili, hizo nane kakimbia bure na anatakiwa akimbie vile vile. Lifanye mwisho kabisa, watu wameshachoka, kabla ya adhana ya magharibi mpira unapoanza kupotea machoni. Na kama ni msimu wa karafuu, omba wenye majamvi nyuma ya goli wayakunje kwanza, sisi siku moja shuti lilipita likatua katikati ya karafuu zilizokauka, mazoezi yakaishia pale, timu nzima tumepiga magoti tunaokota moja moja na bibi mwenye jamvi kasimama juu yetu na ufagio.