Kabla hujaiamini programu ya muda wa safari, ijaribu kwenye barabara ya Morogoro

Ninapanga safari za malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Programu yoyote ya kupima na kukadiria muda wa safari inayoletwa ofisini naijaribia kwanza kwenye kipande kimoja: Ubungo hadi Msamvu, Morogoro. Ni kama kilomita 190, na ndani yake kuna foleni ya mjini, mizani ya Vigwaza, makutano ya Chalinze ambako magari ya Tanga na Arusha yanachepuka, kisha mizani ya Mikese. Programu ikishindwa hapa, mlima Kitonga ulioko mbele, Iringa, haitauweza.

Kitu cha kwanza kukagua ni saa. Vifaa vingi vya GPS hurekodi saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Dereva naye anaandika kwenye daftari "nimetoka saa 12", yaani alfajiri, na karani akiingiza kwenye jedwali anaandika 12:00, ambayo kompyuta inaielewa kuwa adhuhuri. Tayari safari moja ina saa tatu tofauti za kuondoka. Chukua safari chache, kaa na dereva, linganisha daftari, kifaa na risiti ya mizani, mpaka zote ziseme saa moja. Usivuke hatua hii kwa haraka.

Kisha angalia programu inaona nini kwenye mizani. Fungua rekodi ghafi za lori moja lililopita Vigwaza. Mfano: 03:12 mwendo 41, 03:17 mwendo 3, 03:22 mwendo 0, halafu kimya, halafu 03:58 mwendo 36. Ukiongeza zile saa tatu, lori lilifika kwenye mizani saa 12 na robo asubuhi na likakaa hapo zaidi ya nusu saa. Programu nzuri itakuonyesha kituo hicho. Mbaya itaunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka na kukuambia lori lilikuwa linatembea polepole. Na kama programu inategemea simu za watu walioko barabarani, kumbuka wengi wao wako kwenye gari ndogo ambazo hazipimwi uzito. Muda wao si muda wa semi lenye tani 30 za saruji.

Sasa hesabu. Wauzaji wa programu wanapenda kuonyesha wastani, na wastani ndio unaotuponza. Tuseme una safari 20, kwa dakika, zimepangwa kuanzia fupi: 215, 218, 222, 225, 227, 230, 231, 234, 236, 240, 242, 245, 248, 252, 256, 262, 275, 290, 345, 420. Wastani ni kama 256. Ukimwahidi mteja dakika 256, safari 5 kati ya hizo 20 zitachelewa, yaani moja katika kila nne. Muda wa katikati ni 241. Muda ambao safari 95 katika kila 100 zinakuwa zimeshafika, hapa ni safari ya 19, ni 345. Huo ndio muda wa kupangia mzigo unaosubiriwa na meneja wa ghala mwenye vibarua wa kulipwa kwa siku.

Wamarekani, kwa kipimo chao cha kitaifa, wanagawanya muda wa safari ya 80 katika 100 kwa muda wa katikati. Jibu likiwa chini ya 1.50, kipande hicho kinahesabiwa kuwa cha kutegemewa. Kwa malori wanatumia safari ya 95 badala ya 80. Kwenye mfano wetu cha kwanza kinatoa 1.09 na cha pili 1.43. Vipimo vizuri, lakini vina shimo: barabara yenye foleni ileile kila jioni, kama Ubungo kwenda Mbezi, inaweza kupata alama nzuri kwa sababu ubaya wake haubadiliki. Kwa hiyo gawanya pia kwa muda wa njia nyeupe, yaani isipokuwa na foleni. Tukiuchukulia kuwa dakika 210, 345 inakupa 1.64. Programu isiyotoa namba zote mbili, kama 1.43 na 1.64 hapa, haijamaliza kazi.

Angalia tena ile orodha. Namba ya 95 imebebwa na safari moja tu. Safari 20 zinatosha kufundishia, hazitoshi kuamulia. Mimi nataka safari mia mbili au zaidi kwa kila kundi la saa za kuondoka, na masika iwemo. Data ya Juni hadi Agosti peke yake itakusifia barabara usiyoijua. Desemba nayo ina mambo yake, watu wanapoelekea Kilimanjaro kwa sikukuu na barabara ya Chalinze inajaa.

Na ile 420 usiifute. Kuna programu zinazoondoa safari ndefu zenyewe, kimyakimya, zikizihesabu kuwa makosa. Muulize muuzaji waziwazi, kisha ingiza safari moja mbaya uone kama itabaki. Weka safu ya sababu: ajali imefunga njia, mvua, foleni ya mizani, tairi. Pancha ya lori lako si tatizo la barabara. Ajali iliyofunga njia ni la barabara, na itatokea tena.

Upande wa utabiri, weka kando miezi ya mwisho ya data. Programu ijifunze kwa ya nyuma, uipime kwa hiyo isiyowahi kuiona. Kwa safari mpya, andika makadirio kabla lori halijatoka getini, maana programu hujirekebisha kadiri gari linavyokaribia na baadaye itaonekana ilijua tangu mwanzo. Ikisema "uhakika wa 95", hesabu: katika kila safari 100, ngapi zilifika ndani ya muda huo? Zikiwa 80, inaahidi kupita kiasi. Zikifika zote 100, inakulazimisha kuweka akiba usiyoihitaji. Halafu ishindanishe na makadirio ya bure: muda wa katikati wa safari zako za siku na saa kama hiyo. Isipoyashinda, usiilipie.

Nashikilia hili kwa sababu ratiba ya uongo haimwumizi aliyeiandika. Dereva aliyeambiwa dakika 240 na akapoteza 40 Vigwaza ndiye anayejaribu kuzirudisha gizani, na mbele yake vijiji vyenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa.

Rudia jaribio kila barabara inapobadilika. Kimara hadi Kibaha ilipopanuliwa kuwa njia nane, data ya zamani ya kipande hicho ilipoteza maana. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, kulikuwa na sababu nyingine ya kutenganisha safari za kabla na za baada, uzilinganishe, ndipo uamue kama zinaweza kukaa kwenye jedwali moja.