Kuchagua hadubini ya kupimia minyoo ya mbuzi nyumbani

Mwenye mbuzi hapa Malindi, awe Ganda au Kakuyuni, mvua za masika zikishakolea hukimbilia duka la dawa za mifugo na kunywesha zizi zima. Dawa inaliwa na wasioihitaji, na minyoo inazidi kuizoea. Hadubini itakuonyesha mbuzi yupi anatoa mayai ya minyoo na kwa wingi gani. Shida ni kwamba wengi hununua kwa kutazama namba ya kwenye boksi: mara 1600, mara 2000. Kazi yetu karibu yote iko kwenye mara 100, kwa hiyo pesa zako zielekeze kwenye mambo mengine.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Mayai ya minyoo ya tumbo ya mbuzi, Haemonchus na jamaa zake, yana urefu wa mikromita 80 hivi, yaani hayafiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Lenzi ya jicho ya 10 ukiizidisha na lenzi ya chini ya 10 unapata mara 100, na hapo yai linaonekana wazi, ukuta wake na seli za ndani. Mayai ya strongili (minyoo ya tumbo) ya punda, kwa ndugu zetu wa Lamu, ni makubwa kidogo kuliko hayo. Koksidia, vimelea vya utumbo vinavyowatia vitoto vya mbuzi kuhara, ni wadogo, wengi mikromita 20 hadi 30, na ukitaka umbo lao vizuri utapanda hadi mara 400.

Vimelea vya damu ni habari nyingine. Vya ndigana inayoletwa na kupe, au vya ugonjwa wa mbung'o kwa ng'ombe wanaolisha karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, vinataka mara 1000, mafuta ya lenzi, damu iliyopakwa rangi, na jicho lililofundishwa. Hiyo mwachie daktari wa mifugo. Usilipie lenzi ya 100 kwa ajili ya ndoto hiyo.

Hatua ya 2: Zipite hizi

Vile vijiti vya kuchomeka kwenye simu au kompyuta, na hadubini za plastiki za watoto. Hadubini ya kutazamia vitu vizima ni nzuri kwa kupe, lakini yai la minyoo huwezi kulihesabu nayo.

Hatua ya 3: Shikilia vitu vitatu

Kwanza, lenzi za chini za 4, 10 na 40 zilizochorwa namba zake. Kwenye ya 10 tafuta 10/0.25, na pembeni 160/0.17. Hiyo 160 inaonyesha lenzi ni ya kipimo cha kawaida, ikiharibika utapata nyingine.

Pili, meza ya hadubini, yaani pale kioo cha kutazamwa kinapokaa, yenye skrubu za kukisogeza mbele, nyuma na pembeni. Hapa sibembelezi mtu: ukisogeza kwa vidole utahesabu yai moja mara mbili na jingine utaliruka.

Tatu, kondensa, yaani lenzi ya kukusanya mwanga chini ya meza, yenye pazia la kuupunguza. Mayai hayana rangi. Mwanga ukiwa mwingi yanapotea kabisa. Funga pazia kidogo na kingo zake zinajitokeza.

Kuhusu taa, chukua ya LED yenye betri ya kuchaji, maana stima zetu mnazijua. Ya kioo cha kuakisi nayo inafaa, ila usiielekeze kwenye jua lenyewe, itakuumiza jicho. Ya macho mawili haichoshi. Ya jicho moja ni nafuu na inatosha kwa zizi dogo.

Hatua ya 4: Ijaribu dukani kwa rula

Beba rula ya plastiki inayopenya mwanga. Iweke mezani, tazama kwa lenzi ya 4, hesabu milimita unazoziona kutoka ukingo hadi ukingo. Kama lenzi ya jicho ina namba 18, yaani upana wa picha yake kwa milimita, unapaswa kuona milimita 4.5, kwa lenzi ya 10, milimita 1.8. Ukiona tofauti kubwa, namba zilizochorwa ni mapambo tu.

Kwa nini nashikilia hiyo 1.8? Kioo cha kuhesabia mayai, kiitwacho McMaster, kina vyumba viwili, kila kimoja na mraba wa milimita 10 uliogawanywa, kwenye aina ya kawaida, njia sita. Kila njia ina upana wa milimita 1.7 hivi, kwa hiyo njia nzima inaingia machoni na unaifuata moja kwa moja bila kuyumba.

Sasa zungusha hadi lenzi ya 40: picha ibaki karibu na katikati, na iwe safi kwa kurekebisha kidogo tu. Iache dakika chache. Meza ikishuka yenyewe, rudisha. Mwishowe toa lenzi, mulika tochi ndani, tafuta nyuzi za ukungu.

Hatua ya 5: Vya kuambatana nayo

Kioo cha McMaster, mizani ya kupima gramu, chujio la chai ambalo halitarudi jikoni tena, glavu, na chumvi. Chumvi ya mawe ya Gongoni inafaa: gramu 400 kwa lita ya maji moto, koroga, acha ipoe, kisha chuja kwa kitambaa.

Gramu 2 za kinyesi kibichi changanya na mililita 28 za maji hayo, ponda, chuja, koroga, jaza vyumba vyote viwili. Subiri dakika 5 mayai yapande juu. Hesabu ndani ya mistari, jumlisha, zidisha kwa 50. Mayai 12 ni 600 kwa gramu. Usishushe lenzi ya 40 juu ya kioo hiki, ni kinene na utaikwaruza. Mayai ya minyoo bapa ya ini hayaelei kwenye chumvi, kwa hiyo kutoyaona si ushahidi kwamba hayapo.

Pima siku ya dawa, pima tena baada ya siku 14. Mayai yasipopungua kwa asilimia 95 hivi, mpelekee daktari hesabu zako kabla ya kununua chupa nyingine ya dawa ileile.

Hatua ya 6: Kuitunza pwani

Chumvi ikimwagika mezani, futa papo hapo kwa kitambaa chenye maji matamu, kisha kausha. Hadubini usiifungie kwenye sanduku la mbao. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, na vifuko hivyo uvikaushe kila vikilowa. Ukungu ukiingia ndani ya lenzi usiifungue kwa bisibisi. Izungushe nzima kwa mkono itoke kwenye hadubini na ununue ya 160 nyingine.