Kula phở kama umezoea supu ya kongoro

Dada anayeniuzia supu pale Majengo, hapa Dodoma, haniulizi tena. Nikikaa tu, bakuli linakuja limeshakamuliwa ndimu, pilipili iko pembeni. Nilipopelekwa Singapore kwa semina ya kikazi nikaenda na mazoea hayo hayo. Nikaagiza phở, supu ya Kivietnam yenye tambi za mchele, nikakamua ndimu, nikamwaga pilipili yote, ndipo nikaonja. Nikaonja ndimu na pilipili. Mchuzi wenyewe nilikuja kuujua kesho yake.

Basi ukipata safari kama yangu, anza na mahali pa kukaa. Huko mama lishe na baba lishe wamepangwa chini ya paa moja, banda kwa banda, na meza ni za wote. UNESCO iliuweka utamaduni huo kwenye orodha ya urithi mwaka 2020. Ukiona pakiti ya tishu juu ya meza, kiti kina mwenyewe. Mimi niliiokota moja nikampelekea muuza juisi, nikidhani kuna mtu kaisahau.

Kwenye banda la Kivietnam, maneno manne yanatosha. Bò ni ng'ombe, gà ni kuku. Tái ni nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi na kuwekwa karibu mbichi, mchuzi wa moto ndio unaoiivisha mbele yako. Chín ni iliyoiva kabisa. Ukiogopa, sema chín, hakuna atakayekucheka. Ukichukua tái, izamishe haraka kwa vijiti kabla mchuzi haujapoa. Na kama huli nguruwe, usitosheke na neno bò, tafuta cheti cha halali kilichobandikwa kwenye banda.

Sasa bakuli liko mbele yako. Usiguse ndimu. Inama, vuta mvuke. Mdalasini, karafuu, iliki, na kiungo kimoja cha umbo la nyota chenye harufu tamu. Ukifumba macho utaapa kuna jirani anapika pilau! Chukua vijiko viwili vitatu vya mchuzi mtupu. Chumvi yake imeingia kwa maji ya dagaa waliovundikwa kwa chumvi miezi mingi. Yakiwa kwenye chupa yananuka vibaya, ndani ya supu huyaoni wala huyanusi, ila yakikosekana utajua.

Baada ya hapo, kamua ndimu kidogo, onja. Pilipili kipande kimoja, onja. Choroko zilizochipua na majani ya mrehani chovya kidogo kidogo, ukiyatia yote kwa pamoja yanaipoza supu. Watu wa Hanoi, kaskazini mwa Vietnam, hawana majani mengi mezani, sahani iliyojaa majani ni mambo ya kusini. Tambi za mchele zile mapema, zinanyonya mchuzi na kuvimba. Kuvuta tambi kwa sauti si kosa. Bibi yangu angenifukuza mezani.

Ukimaliza, rudisha sinia mwenyewe. Ni sheria, na ukirudia kuliacha unapigwa faini. Mara nyingi kuna rafu mbili, ya vyombo vya halali na ya vingine, usichanganye.

Huku nyumbani nimeshaipika mara tatu. Mifupa naichemsha dakika kumi, maji yale namwaga, naiosha, naanza upya. Kitunguu na tangawizi naviweka juu ya mkaa mpaka viungue nje, nakwangua weusi, natumbukiza. Halafu moto mdogo, kwa muda wa saa sita, povu naliengua. Mchuzi ukitokota kwa fujo unakuwa kama maji ya kuoshea mchele. Mara ya kwanza nilikosea hapo hapo, nikawaita wageni wale hivyo hivyo.

Jumamosi nilimwambia dada wa Majengo aniletee supu bila ndimu.

"Dada, unaumwa?" akaniuliza.

Nikaonja. Chumvi ilikuwa imezidi, na nadhani miaka yote imekuwa ikizidi.