Somo: Kuhamia Linux taratibu, programu kwanza na mfumo baadaye

Assalaam alaykum nyote. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, na laptopu nyingi za mtumba zilizomo maskulini na majumbani kwetu haziingii Windows 11. Hiyo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ndiyo maana mnaniuliza sana habari za Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows.

Wengi wanaohama naona wanarudi wamekasirika, na nawaelewa. Mwalimu aliyezoea kuutunga mtihani wake upesi upesi, leo anatafuta pa kuongezea jedwali, printa haimjibu, na mkuu wa skuli anasubiri karatasi. Amebadilishiwa kila kitu kwa siku moja. Nawasihi msifanye hivyo.

Hatua ya kwanza: badilisha programu, mfumo uuache

Ukiwa bado ndani ya Windows, tia LibreOffice (ya kuandikia na kupigia hesabu, badala ya Microsoft Office) na kivinjari cha Firefox, uzifanyie kazi zako zote kwa wiki kadhaa. Ni bure, na ndizo utakazozikuta Linux. Uzito mwingi wa kuhama umo humu, kwa hiyo usiharakishe.

Fungua mtihani wa zamani uutazame vizuri. Namba za maswali zimekaa pake? Jedwali limevuka ukurasa? Angalia fonti kwanza. Times New Roman ikikosekana, LibreOffice huweka Liberation Serif, na kwa kuwa herufi zake zina upana uleule mistari haihami. Mbadala wa Calibri ni Carlito. Lakini kama ulikuwa ukipanga kurasa kwa kubonyeza spesi na Enter mfululizo, kazi itavurugika tu. Irekebishe sasa kwa tabo na mkato wa ukurasa, wakati bado huna haraka. Karatasi ya kwenda kuchapishwa kwengine itoe kwa PDF.

Maustadhi, Kiarabu kijaribuni hapahapa. Kitufe cha kuanzia aya upande wa kulia hakionekani mpaka uingie mipangilio ya lugha ya LibreOffice uruhusu maandishi ya aina hiyo. Andika aya moja yenye irabu zote, uikuze, uhakikishe kila fatha na kasra imekaa kwenye herufi yake.

Hatua ya pili: nakala

Nakili kila kitu kwenye diski ya nje, kisha fungua faili kadhaa kwenye kompyuta nyengine uhakikishe zinasomeka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, andika ufunguo wake pembeni.

Hatua ya tatu: jaribu bila ya kuinstoli

Linux ziko aina nyingi. Kwa anayetoka Windows napendelea Linux Mint, kwa sababu menyu iko chini kushoto kama alivyozoea. RAM ikiwa GB 4 au chini yake, chukua toleo lake jepesi, la Xfce. Faili lake linakaribia GB 3, basi pangia bando. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, na ujue kila kilichomo kwenye flashi kitafutika. Washa upya huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au Esc kwa HP, uchague flashi.

Mint itafunguka bila kuigusa diski yako. Itakwenda polepole kwa kuwa inasoma kwenye flashi. Usiihukumu kwa hilo. Kagua Wi-Fi, sauti, kamera, na printa uichapishe karatasi kweli. Wi-Fi ikikosekana, chomeka simu kwa waya wa USB, uwashe kugawa intaneti, halafu fungua sehemu ya draiva (programu za kuendeshea vifaa) utafute ya kadi yako ya Wi-Fi. Printa ikikataa kabisa, simama hapo mpaka upate ufumbuzi.

Hatua ya nne: iweke pembeni ya Windows

Ndani ya Windows zima kwanza Fast Startup, inayoifanya Windows isizimike kikamilifu ili iwake upesi. Kisha chagua kuinstoli Mint pamoja na Windows, uipe angalau GB 50. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS angoje umeme utulie: ukikatika wakati diski inagawanywa, faili zinaweza kupotea.

Baada ya hapo programu utazitoa kwenye duka la Mint lenyewe, si mafaili ya .exe ya Windows. Na kumbuka, kwa Linux herufi kubwa na ndogo si sawa: Mtihani.odt na mtihani.odt ni mafaili mawili tofauti.

Masuala yenu

*Mwalimu, Wete:* Nikirudi Windows saa inakuwa nyuma. Hapa ni saa nne asubuhi, yenyewe inasema saa moja.

Mwalimu, Linux huihifadhi saa ya ndani ya kompyuta kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tumeizidi UTC kwa saa tatu. Ndani ya Mint fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike: timedatectl set-local-rtc 1. Kisha isawazishe saa ya Windows mara moja.

*Mwanafunzi, Tunguu:* Terminali inaniomba neno la siri lakini kibodi haiandiki kitu.

Inaandika, mdogo wangu. Baadhi ya Linux na baadhi ya amri huficha hata nukta. Liandike lote, ubonyeze Enter.

*Dada, Chake Chake:* Faili za Windows nazifungua nikiwa Mint, ila kusevu nakataliwa.

Dada, Windows haikuzimwa kikamilifu, ndiyo Mint inakuruhusu kusoma tu. Rudi Windows, shikilia Shift huku ukibonyeza kuzima. Ikijirudia, Fast Startup bado iko wazi.

*Mwenye duka, Mkoani:* Programu yangu ya hesabu ni ya Windows pekee. Nifanyeje?

Kaka, kompyuta hiyo usiihamishe. Ipo Wine, inayoendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, lakini daftari la madeni ya watu siwezi kukushauri ulijaribie huko. Muulize aliyekuuzia kama wanayo inayofanya kazi kwenye kivinjari. Ikiwa ipo, anza nayo ndani ya Windows hiyohiyo, hesabu za mwezi mzima zilingane na za zamani, ndipo urudi hatua ya pili.